Kifua Kilichoitwa Mgongo

Mwaka ulikuwa 1935. Hapana, nimeanza vibaya. Mwaka 1935 nilikuwa bado natembea kwa miguu, mzigo wa chumvi kichwani, na safari ninayotaka kuieleza niliifanya kwa baiskeli. Baiskeli niliipata baada ya pamba ya 1936 kuuzwa, watu walipokuwa na moyo wa kununua sindano na vioo. Kwa hiyo huu ulikuwa 1937, mwezi wa saba, wakati upepo mkavu unapeperusha vumbi mpaka ng'ombe wanakohoa. Naam, 1937. Sasa naweza kuendelea.

Nataka kumweleza Mihayo, dresa wa Busanhala. Dresa tulimwita mtu aliyefundishwa na hospitali kufunga vidonda, kugawa dawa, na kumwandikia daktari barua pale ugonjwa unapomshinda. Mihayo alikuwa mfupi, shingo nene, mwana wa mfugaji. Alisoma kwa mapadri mpaka darasa la nne, akafundishwa udresa miaka miwili, kisha akapewa chumba kimoja cha bati huko Busanhala, pahali palipo kati ya Shinyanga na machimbo ya dhahabu ya upande wa Geita. Mimi nilikuwa nikitoka Shinyanga na chumvi, uzi na sabuni, napita Tinde, nazunguka huko vijijini, naishia machimboni. Kila nikipita Busanhala nalala barazani kwake. Mkewe Justa alikuwa mfinyanzi, na uji wake niliunywa katika bakuli alizofinyanga mwenyewe.

Shida ya Mihayo ilikuwa neno moja: kifua.

"Unaumwa nini, baba?"

"Kifua, mganga."

"Kifua wapi?"

"Si hapa?" Na mkono wa mzee unazunguka kuanzia kidevuni mpaka kitovuni, kama mtu anayejipaka mafuta.

Mwenye pumu alisema kifua. Mwenye kichomi kifua. Mama mwenye mtoto wa kifaduro, yule anayekohoa mpaka anatapika, alisema kifua. Mchimbaji aliyerudi kutoka machimboni amejaa vumbi la mwamba, kikohozi kikavu kama kuni, naye kifua. Mihayo alikuwa amekariri kwa Kiingereza majina ya vitu vyote vinavyopitisha pumzi, kuanzia tundu la pua mpaka vile vijifuko vya mwisho kabisa ndani ya pafu. Lakini majina yale, alikuwa akiniambia, "nikiyasema hapa Busanhala, Hatibu, hakuna anayeitikia."

Daktari alikuwa machimboni, mwendo wa asubuhi nzima kwa baiskeli. Mzungu mrefu, Kiswahili anakijua cha kutosha, na hakuwa mtu mbaya. Siku moja alimrudishia Mihayo karatasi imeandikwa hivi: "Mwezi huu umeniandikia vifua kumi na vinne. Siwezi kuendesha gari mara kumi na nne. Usiniandikie kinachouma. Niandikie kinachosikika."

Basi Mihayo akaanza kutafuta maneno. Siku za gulio alikwenda kwa Bujiku mchinja ng'ombe na mbuzi, akasimama pale damu inapotiririka na daftari lake mkononi.

"Hiki mnakiitaje?"

"Koromeo."

"Na hili bomba linaloshuka, lenye pete pete?"

"Hilo ni njia ya pumzi. Lile laini la nyuma ndilo la chakula. Mganga mzima hujui?"

"Najua. Nataka kujua wewe unaliitaje."

Kisha alikuwa akiliweka bomba la mbuzi mdomoni, anapuliza, na mapafu yanajaa mbele ya watu, mekundu, mepesi, yanainuka kama maandazi. Wanawake wakapiga vigelegele vya mzaha. Bujiku akasema, "Mpulizie na roho, tumrudishe zizini!" Mihayo anacheka, halafu anawauliza tena: pumzi ikipita katika njia nyembamba inaliaje? Mmoja anasema kama filimbi. Mwingine, kama paka amelala. Anaandika. Na mbavu zikikwaruzana kwa ndani? Kama viatu vipya vya ngozi. Anaandika. Nililiona daftari lile. Halikuwa na majina ya magonjwa hata kidogo, lilikuwa na milango, vyungu, ngozi na ndege.

Sasa nije kwenye mwezi ule wa saba.

Mama yake Justa aliishi upande wa pili wa mto, saa mbili kwa miguu. Watu wakimwita Ng'wana Masele, ndiyo kusema binti wa Masele. Alikuwa mfinyanzi maarufu kuliko bintiye. Mihayo jina hilo hakulitaja hata siku moja mbele yangu. Kwa Wasukuma mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawalali chini ya paa moja, na wakikutana njiani mmoja anaingia porini kumpisha mwenzake. Si chuki. Ni heshima kubwa kuliko zote, na wanaizoea mpaka miguu yenyewe inajua wapi pa kukwepa.

Siku hiyo ya kwanza mimi sikuwapo, nilielezwa. Makoye, kaka yake Justa, alikuja dispensari akasema mama anaumwa. Mihayo akauliza anaumwa nini. Makoye akatazama chini. "Mgongo," akasema. Mihayo akampa dawa ya kuchua. Siku ya pili akaja tena: mgongo haujapoa. Akapewa nyingine, kali zaidi. Siku ya tatu hivyo hivyo. Siku ya nne, alfajiri, walimleta juu ya kitanda cha kamba, wanaume wanne, na mimi ndipo nilipokuwa nashuka kwenye baiskeli.

Walimwingiza nyumbani kwa Justa. Mihayo, kama ilivyompasa, alitoka kwa mlango wa nyuma akaja kusimama nami nje ya ukuta. Nikamwamkia. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza. Nami nikasikia. Pumzi za mama yule zilikuwa fupi fupi, za juu juu, kila moja inakatwa katikati kama mtu aliyekanyaga mwiba.

"Huo si mgongo," Mihayo akasema.

Makoye alikuwa anajipangusa jasho. "Ndiyo, si mgongo."

"Nani aliniambia mgongo?"

"Mimi."

"Siku tatu, Makoye! Siku tatu nakupa dawa ya kuchua!"

Makoye akapandisha sauti. "Ulitaka niseme nini, shemeji? Nisimame mbele yako, mkwewe, nitaje kifua cha mama yangu? Kifua! Ningesemaje? Mtu yeyote wa hapa angenielewa. Ukiambiwa mgongo wa mkweo, wewe unajua ni wapi. Au lile koti jeupe limekula masikio yako?"

 Mihayo alikaa chini, pale pale vumbini, na koti lake jeupe. Nilimwona anahesabu vidole: siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alikuwa anaijua desturi hiyo tangu anyonye. Angeambiwa na mtu mwingine kuhusu mkwe wa mtu mwingine, angecheka na kusema, "Aa, kifua hicho." Lakini alikuwa amekaa miaka sita akiwaambia watu waseme maneno yalivyo, na siku hiyo aliamini neno kama lilivyosemwa.

Mimi mtu wa mjini, baba yangu alitoka pwani, nikaona jambo ni rahisi. "Ingia umpime," nikamwambia. "Mungu atakusamehe, mgonjwa huyu."

"Mungu simwogopi kwa hili," akasema. "Namwogopa mama mwenyewe. Mwaka juzi aliumwa jicho, wakamwambia nakuja. Aliamka akaondoka, na jicho lake. Nikiingia sasa, atasimama. Akisimama na pumzi hizo, hafiki mlangoni."

Na kweli, sauti yake ilipopanda kidogo, tulisikia kitanda kinalia ndani na Justa anasema haraka, "Mama, lala! Hajaingia! Yuko nje!"

Mihayo akashusha sauti, akaniambia kinachomtisha. Kichomi chenyewe siku zile hakikuwa na dawa, mtu anaketishwa, anapewa uji na maji, anangojewa. Lakini pengine ndani ya ubavu maji yanajikusanya nje ya pafu, yanalibana, pafu linakosa nafasi ya kufunguka. Hayo daktari anaweza kuyatoa kwa sindano. Kama yapo, aitwe leo hii. Kama hayapo, daktari atasafiri bure, na siku nyingine akiandikiwa hatakuja. Na kujua kama yapo, lazima mtu asikilize mgongoni, palipo wazi.

Akatoa mfukoni kile kipande cha mti cha kusikilizia, kimetobolewa katikati, kimepanuka huku na huku. Akaupitisha mkono katika tundu la dirisha bila kutazama ndani.

"Justa. Pokea."

"Nifanye nini nacho?"

"Upande mpana mwekee mama mgongoni, huku weka sikio lako. Mwambie avute pumzi. Halafu niambie unasikia nini. Usiniambie ugonjwa. Niambie sauti."

Tuliegemea ukuta tukasikiliza. Hata Makoye aliziba mdomo kwa mkono.

"Kushoto, juu," Justa akasema kutoka ndani. "Nasikia upepo. Kama upepo katika mtama."

"Vizuri. Shuka."

"Upepo bado."

"Kulia, juu."

"Kuna... ngoja. Ukichukua nywele zako karibu na sikio ukazisugua kwa vidole. Hivyo. Zinalia hivyo anapovuta."

Mihayo akafumba macho. "Shuka chini, huko huko kulia."

Tukasikia kitanda kinalia.

"Hakuna kitu."

"Hakuna namna gani? Upepo mdogo?"

"Nimesema hakuna! Kama nyumba waliyohama."

Nikadhani imekwisha, jibu limepatikana. Mihayo akatikisa kichwa. Pafu lililojaa uchafu wa kichomi huweza kunyamaza, akasema, na maji huweza kunyamaza. Alitaka kitu cha pili, na hakujua amwombe nini mkewe, maana kugonga kifua ni kazi ya vidole vilivyofundishwa muda mrefu. Yeye mwenyewe, alikiri, hakuwa hodari.

Ndipo tukasikia: ko, ko, ko. Ndani. Halafu: du. Du. Halafu tena juu: ko.

"Justa, unafanya nini?"

"Nagonga."

"Nani kakuambia ugonge?"

"Si nimekusikia unataka kujua kama ni kitupu au kimejaa? Chungu unakijuaje? Si unakigonga? Huku juu ni kitupu, kinalia. Nikishuka, kinalia, kinalia, halafu hapa kinakuwa bubu. Ghafla. Kama mtungi wenye maji mpaka hapa." Ko, ko, du. "Na nikimwinamisha mbele, mstari unahama. Kidogo, lakini unahama. Ungekuwa udongo usingehama. Haya ni maji."

Mihayo alisimama. Sijamwona mtu amesimama vile.

Na kutoka ndani ikaja sauti nyingine, dhaifu, inakatika, lakini ina ukali wake. Ilikuwa ya mama mwenyewe. "Mimi ndiye... niliyekufundisha kugonga vyungu. Sasa wanigonga... kama cha gulioni? Unataka kuninunua?"

Makoye akacheka, na machozi yanamtoka.

"Chukua mkaa," Mihayo akamwambia mkewe. "Chora mstari pale pale sauti inapobadilika. Usiufute."

Aliandika barua juu ya goti lake. Nilimwona anafuta neno kifua mara mbili. Nilikuja kuisoma njiani nilipopumzika, haikuwa imefungwa, Mungu anisamehe. Iliandikwa: "Mama mmoja. Siku ya nne. Anapumua mara arobaini kwa dakika. Kushoto upepo katika mtama juu na chini. Kulia juu, nywele zinazosuguliwa. Kulia chini, kuanzia vidole vinne chini ya ncha ya bega, hakuna kitu, na ukigonga ni mtungi uliojaa, na maji yanahama akiinama. Aliyegonga ni mfinyanzi, hakosei." Jina la mgonjwa hakuliandika. Hata katika karatasi hakuweza.

Nikakanyaga baiskeli. Niliondoka jua likiwa bado halijakaa vizuri, nikafika machimboni kabla ya adhuhuri, mate yamekauka, koo linaniwaka. Daktari alikuwa barazani anapima wachimbaji wapya, wamesimama mstari, vifua wazi. Akaisoma barua kwa haraka, kama asomaye ya kumi na tano. Halafu akarudi mwanzo, akaisoma polepole.

"Nywele zinazosuguliwa," akasema. Akashika nywele zake mwenyewe karibu na sikio, akazisugua, mbele ya wachimbaji wote. Mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Mzungu ana chawa." Daktari akaniuliza, "Huyu mfinyanzi yuko huko bado?"

"Yuko, bwana. Ndiye binti wa mgonjwa."

"Pandisha baiskeli yako kwenye gari."

Tulifika Busanhala alasiri. Daktari aliingia, akamwamkia mama kwa heshima, akagonga mgongo kwa vidole vyake virefu kuanzia juu kushuka. Nilikuwa mlangoni, nikiwa mgeni hakuna aliyenikataza kuchungulia. Kidole chake kikasimama. Akakisogeza, akagonga tena, akasimama pale pale. Chini ya kidole kulikuwa na mstari wa mkaa. Akamtazama Justa, akaanza kuchemsha sindano.

Sasa sikiliza. Justa alipaswa kumshika mama yake, amekaa, ameegemea kifua cha bintiye. Daktari alihitaji mtu wa pili wa kushika beseni na ule mpira unaopitisha maji, mtu anayejua kuubana na kuuachia ili upepo usiingie ndani ya ubavu. Makoye akajitolea. Alipoiona sindano yenyewe, urefu wake, akakaa chini ghafla, macho meupe. Mimi sikujua kubana wala kuachia. Daktari akanijia nje ya mlango: "Mihayo yuko wapi? Aje ashike!"

Mihayo alikuwa nyuma ya ukuta. Nikamwendea. "Anakuita."

"Nimesikia."

"Kuna mwingine anayejua kazi hii?"

"Hakuna."

Akavua koti jeupe. Nilidhani atabaki nalo kwa ajili ya kazi, lakini alilikunja, akanipa. Akavua na viatu. Akaingia kwa mgongo, kinyumenyume, mpaka daktari akamshika bega na kumgeuza. Justa alipomwona aliitupa kanga juu ya kichwa cha mama yake, juu ya uso wote, akamkumbatia. Mihayo akapiga magoti, macho yake ndani ya beseni. Hakuinua macho. Hakukohoa, hakusema, hata pumzi yake aliificha. Daktari akisema "bana", anabana. Akisema "achia", anaachia. Maji yakatoka, rangi ya chai isiyo na maziwa, beseni la kwanza likajaa, la pili likafika nusu.

Na kabla hayajaisha, tukasikia pumzi ya mama. Ilishuka. Ilikwenda chini kabisa, ndefu, kama mtu anayetua mzigo wa kuni, halafu ikarudi juu bila kukatika. Justa alianza kulia. Mihayo akaweka beseni chini, akatoka kama alivyoingia.

Ng'wana Masele alipona. Alikaa wiki tano kwa bintiye, Mihayo akilala dispensari, kisha akavuka mto kwa miguu yake, akafinyanga vyungu miaka kumi na mitatu mingine. Daktari aliyanakili maneno ya daftari la Mihayo katika daftari lake, na alipohamishwa akaondoka nayo, sijui wapi. Tangu siku ile Justa alikuwa akiitwa dispensari kugonga migongo ya wanawake, na wengine walimwita mganga mbele ya mumewe, naye Mihayo aliitikia kwa kucheka. Justa alifanya kazi ile mpaka meno yakamtoka.

Lakini lipo jambo lililomla Mihayo. Kwa desturi yao, mtu aliyemwona mama mkwe wake vile, hata kwa bahati mbaya, anapeleka mbuzi ili aibu ioshwe, na baada ya hapo wanaendelea na heshima yao. Mihayo alimfunga mbuzi, akamfungua. Akimpeleka, na kama mama hakujua ni nani aliyepiga magoti pale, basi yeye mwenyewe ndiye atakayempelekea aibu mlangoni. Asipompeleka, na kama mama alijua, basi mama anakaa kule ng'ambo anamngoja mbuzi, miaka yote, na hasemi. Yule mbuzi alizaa pale nyumbani, na wanawe wakazaa.

Nilimuuliza Justa, kwa kuwa yeye ndiye aliyemfunika mama kanga, na yeye ndiye aliyemkumbatia. Akaniambia nile uji, unapoa. Nilimuuliza Makoye, akasema yeye alikuwa amezimia. Na mwaka mmoja nilivuka mto na chumvi yangu, nikamkuta mama mwenyewe anagonga mitungi kabla ya kuipeleka gulioni, ko, ko, ko, nikachuchumaa, nikamwamkia, akaitikia, nikazunguka huku na huku kama mchuuzi, halafu nikauliza. Akaniuliza chumvi ni kiasi gani.

Wote sasa wamelala kaburini. Mimi bado natembea, na bado nauliza: siku ile, chini ya kanga, alijua ni mikono ya nani iliyoshika beseni?